Uwanja wa Mbio Uliotoa Mabingwa Wengi Mno

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru sana, ingawa mpaka leo najiuliza mtu aliyestaafu anawahi wapi. Mke wangu ameitundika sebuleni, hapa kwetu Mtanda, na kila ikilia naamka kutafuta kofia ya kazini. Basi, kwa kuwa muda ninao wa kugawa bure, nawaandikia nyinyi vijana wa idara ya viwanja mambo ambayo hamtayakuta kwenye maelekezo ya kazi. Vyeo na mishahara tuviache. Cheo changu kikubwa nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alihamia Mtwara. Nitaeleza jinsi viwanja vya chuo chetu cha maofisa wa jeshi vilivyopatikana, maana nyinyi mmevikuta vimelala pale na mnadhani viliota.

Nilifika nikitokea Nyangamara, nina fyekeo begani na suruali moja ya heshima. Wakati huo chuo kilikuwa ni maturubai, mabohari mawili ya zamani ya korosho, na pori. Nyasi zilikuwa ndefu kiasi kwamba trekta lilipotea humo wiki nzima, na lilipopatikana kanga alikuwa ameshatagia kwenye kiti cha dereva. Maofisa wanafunzi walikuwa wakicheza mpira barabarani, na gari likija mwamuzi anapiga filimbi ya kuotea.

Aliyenipokea ni Mzee Chande, msimamizi wa viwanja, Mmatumbi kutoka Kipatimu. Alikuwa mfupi, lakini akisema kitu pale uwanjani, kule jikoni wanaitika.

"Wewe Mmwera?" akaniuliza.

"Naam. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kufyeka au umekuja kula?"

"Vyote viwili, mzee."

"Afadhali wewe umesema kweli. Wenzako hujibu kufyeka, halafu tunawakuta jikoni."

Watani hao, Wamatumbi na sisi Wamwera. Nilimjibu kwamba Wamatumbi wao hawaonekani jikoni kwa sababu wanalala humo humo, akacheka, na tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Uwanja wa kwanza ulikuwa wa mpira wa miguu. Ulikuwa na mteremko kuelekea baharini ambao hatukuuweza, tukaamua kuupenda. Timu iliyochagua goli la juu ilikuwa inaongoza kabla mechi haijaanza. Ukipiga mpira nje upande wa chini, mnasubiri wavuvi waurudishe. Uwanja wa netiboli tuliujenga kwa udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji na kuushindilia kwa magogo ya mkorosho kina mama wa kijijini wakituimbia, na ulipokauka ulikuwa mgumu hivi kwamba nazi ikidondoka pale inapasuka yenyewe. Vijana, msiudharau udongo wa kichuguu. Saruji hupasuka, ule mpaka leo upo.

Ndondi tuliziweka ndani ya bohari moja la korosho. Watu walikuwa wamebangulia humo miaka na miaka, na yale mafuta ya maganda yanayobabua ngozi yalikuwa yamenywewa na sakafu yote. Bondia akianguka, anarudi juu kabla mwamuzi hajafungua mdomo kuhesabu. Kwa hiyo chuo chetu kikasifika kanda nzima kwamba vijana wake hawalali chini. Wavu wa voliboli ulikuwa jarife la zamani la kuvulia papa, kutoka Kivinje, na mechi zilichezwa mbele ya paka wote wa wilaya ya Kilwa. Kuogelea ilikuwa kwenye hori, kati ya mikoko, na ratiba yake aliipanga mwezi wa angani. Siku za bamvua maji yakipwa, somo la kuogelea linageuka somo la kutembea kwenye tope, na mwalimu anatoa alama vile vile.

Miaka hiyo ndiyo nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Nilimaliza kidato cha nne wakati mwanangu mkubwa yuko darasa la tano. Tulikuwa tunagombea taa moja, na mara nyingi alinishinda kwa kumwita mama yake.

Sasa nije kwenye uwanja wa mbio, kwa sababu huo ndio uliotaka kumfukuzisha mtu.

Mkuu wa chuo wa wakati ule alitaka uwanja wa mbio uwe tayari kabla ya mahafali, na mahafali yalikuwa mara tu baada ya masika. Futi ya chuma hatukuwa nayo. Mzee Chande akachukua kamba ya katani, mpya, nene, kutoka shamba la mkonge la jirani, akaitandaza ndani ya stoo, akaipima kwa kipimo cha fundi seremala, na kila kipimo akafunga fundo. Alifanya kazi ile kwa uangalifu kama anayepima nguo ya bwana harusi. Fundo likikosea upana wa kidole, analifungua. Tulipomaliza tukaitoa nje, na mvua nayo ikatoka.

Masika ya enzi hizo si haya yenu. Ilinyesha mpaka samaki wakawa wanatafuta pa kujibanza. Tulipima tumelowa, tukachora tumelowa, tukala tumelowa. Mimi nilishika ncha moja, Mzee Chande ncha ya pili, tunavutana kwenye tope, yeye ananipigia kelele, "Vuta, Mmwera! Au ugali wa asubuhi ulikuwa wa kuazima?" Tukapigilia vigingi, tukamwaga changarawe na majivu, tukachora mistari kwa chokaa ya matumbawe ya Kivinje. Jua lilipotoka, uwanja ulikuwa unang'aa mtu hataki hata kuukanyaga.

Halafu ikaanza miujiza. Mtu alikuja kutoka bara hajawahi kushinda hata mbio za kuwahi chakula. Mwezi mmoja hapa, anakimbia muda wa kutisha. Shule za jirani zikija kushindana nasi, wanafunzi wao nao wanavunja rekodi zao wenyewe na kurudi nyumbani wakiimba. Hakuna aliyelalamika. Nani alalamike? Daktari wa chuo alisema ni hewa ya bahari. Mpishi akasema ni supu yake ya pweza, na akaanza kutembea kifua mbele. Mzee Chande alikuwa anautazama uwanja wake tu na kutabasamu.

Ukutani, ndani ya ukumbi, wakaandika majina ya mabingwa na muda wao kwa rangi. Juu kabisa, mbio za mzunguko mmoja, kulikuwa na jina la kijana mmoja mwembamba waliyemwita Mshale. Alikimbia muda ambao hakuna aliyeukaribia. Mshale akahitimu, akapanda vyeo, na baada ya miaka mingi akarudi kwetu akiwa Mkuu wa Chuo, sasa ana kitambi cha kadiri na miwani. Kila wageni walipokuja aliwapitisha ukumbini. Hakuwaonyesha lile jina. Alisimama tu karibu nalo mpaka walione wenyewe.

Mtauliza, mabingwa wetu walipokwenda kukimbia kwingine ilikuwaje? Walishindwa, na tulikuwa na jibu: barabara. Barabara ya kwenda Dar es Salaam wakati huo ilikuwa adhabu. Mtu alifika kule mifupa imebadilishana nafasi. Tulisema, kimbieni nyinyi baada ya kulala siku kadhaa kwenye tope la Rufiji tuone. Watu wote walikubali. Kisha ikaja lami, basi likawa linaondoka Lindi alfajiri na kufika Dar mtu bado ana kifungua kinywa tumboni. Wenzangu wote walishangilia ile lami. Hatukujua kwamba imetunyang'anya jibu letu.

Wa kwanza kukimbia bila jibu hilo alikuwa Somoe, ofisa mwanafunzi, binti wa Kilwa Kivinje. Hapa nyumbani alikuwa ameikaribia rekodi ya Mshale kwa kiasi ambacho Mkuu mwenyewe alianza kusafisha miwani kila akimwona. Wakampeleka Dar kwenye mchujo wa timu. Akafika wa mwisho, tena kwa mbali.

Aliyefuatana naye ni Kapteni Ngwale, ofisa michezo, mtu mnyoofu lakini mgumu kama ule uwanja wetu wa netiboli. Waliposhuka kwenye gari pale mbele ya stoo yangu nilimsikia.

"Hapa unaruka kama swala, kule unatembea kama unakwenda kisimani. Saa ya hapa alikuwa anashika nani?"

"Rafiki yangu, afande."

"Ndiyo maana."

"Afande, hakunipunguzia hata kidogo."

"Basi utamweleza Mkuu, Jumatatu."

Nyinyi mnaijua kanuni ya chuo. Mtu husamehewa kuchelewa, husamehewa kuvunja sahani, hata kulala zamu ana pa kujitetea. Kusema uongo hakuna mjadala. Unafungashwa virago siku hiyo hiyo na uofisa umeusikia redioni. Somoe alikuwa amebakiza miezi michache tu avae nyota.

Akaja stoo kwangu siku ya pili yake, macho mekundu, viatu vya mbio mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi tena viatu?"

"Nimekuja kuvirudisha mapema, Jumatatu huenda nisipate nafasi."

Nikamwambia akae. Akakaa juu ya mfuko wa chokaa, ndiyo sofa ya idara yetu.

"Mjomba, mimi nilikimbia kule kwa nguvu zangu zote. Lakini ule uwanja wao ulikuwa hauishi. Nimeshamaliza pumzi niliyoipanga, nikitazama mbele bado kuna uwanja."

Yeye akawa anaangaza macho stoo nzima, kama mtu anayetafuta pa kuyaweka. Ile kamba ilikuwa ukutani kwenye msumari wake, imekunjwa vizuri, hairuhusiwi kufungia mbuzi.

"Na hii?"

"Hiyo, mwanangu, ndiyo iliyozaa uwanja wenu," nikasema kwa fahari. Nikamsimulia yote: mafundo, tope, masika ya samaki kujibanza. Sikupunguza kitu, niliongeza kidogo.

Akanikatisha. "Mjomba, mlipima mvua inanyesha?"

"Inanyesha? Ilikuwa inamwagwa."

"Na mafundo mlifunga ndani, kamba kavu?"

"Kavu kabisa."

Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwetu Kivinje mama ana kamba ya katani ya kuanikia nguo. Jua likiwaka inalegea mpaka kanga zinagusa chini. Mvua ikinyesha inajivuta mpaka inainamisha nguzo. Kila masika baba anapigilia nguzo upya, kila masika wanagombana. Mjomba, mlipima uwanja kwa kamba iliyojivuta ikawa fupi!"

Wapendwa, mimi nilikulia kwenye kamba za katani. Nimefungia mbuzi, nimefungia mizigo, nimeona zikijivuta kwenye mvua tangu sina meno. Na Mzee Chande vile vile. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitazama ile kamba ya kazini kama kamba. Ilikuwa kipimo, na kipimo hakinyeshewi. Nikakaa chini kwenye mfuko wa pili.

Sasa tatizo lilikuwa Mzee Chande. Alishastaafu zamani, akawa analima mihogo nyuma ya ua wa chuo, na kila Ijumaa baada ya swala anakuja kukagua uwanja wake. Nilimkuta shambani, nikamwambia kwa kuzunguka zunguka. Akanisikiliza huku jembe limesimama.

"Kamba yangu? Kamba ile imevuta trekta!"

"Ilivuta ikiwa kavu, mzee."

"Mabingwa wote wale, unataka kuniambia walikuwa wa uongo?"

"Walikimbia kweli. Uwanja ndio uliowasogelea."

"Ondoka shambani kwangu, Mmwera wewe. Kwanza unakanyaga muhogo."

Nikaondoka. Nilikuwa nimefika karibu na ua nikasikia ile sauti yake.

"Huyo binti, wanamfukuza lini?"

"Jumatatu."

"Wa wapi?"

"Kivinje."

"Mdomo wake ukoje? Ananicheka?"

"Anacheka, lakini kakuita babu."

Akalima mistari miwili. Kisha akasema, "Hiyo Jumatatu niandalie ndoo ya maji. Na kamba usiiguse, nitaibeba mwenyewe."

Jumatatu asubuhi, kwa ombi langu, Mkuu aliamua kusikiliza shauri pale pale uwanjani. Chuo kizima kilikuwa kimepanga mistari. Somoe amesimama wima, uso umekauka. Nilikuwa nimeazima futi ya chuma kwa mafundi wa barabara, ile ndefu ya kwenye gurudumu. Kapteni Ngwale alinisogelea akaninong'oneza, "Mnajua mnataka kufuta jina la nani kule ukumbini?"

Nilijua. Usiku wa Jumapili nilikuwa nimelijua mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto.

Mzee Chande akaitandaza kamba kavu sambamba na futi ya chuma. Mafundo yakalala sawasawa na namba, hakuna lililozidi wala kupungua. Akaliacha hilo lionekane na kila mtu. "Kazi yangu mmeiona," akasema. Kisha mwenyewe, kwa mikono yake, akaitumbukiza kamba kwenye ndoo, akaikandamiza kama anayeosha mtoto mkorofi. Tukangoja. Alipoitoa tukaivuta tena, mimi ncha hii, yeye ile. Fundo la mwisho likagoma mbali na namba yake; katikati pale angeweza kulala mtu mzima akajinyoosha.

Tukapima na uwanja kwa chuma. Upungufu wa mzunguko mmoja ulitosha kuegesha basi la mikoani na tela nyuma yake.

Mkuu akavua miwani. Akatazama uwanja, akatazama upande wa ukumbi. Kapteni Ngwale akamsogelea, na akasema kwa sauti ya chini lakini mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ncha ya kamba.

"Afande, si lazima jambo hili litoke nje. Uwanja ubaki kama ulivyo. Binti tumwonye tu, aendelee."

"Nimwonye kwa kosa gani?"

Kapteni akarudi nyuma hatua moja.

"Ngwale, mimi niliposa kwa rekodi ile. Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu wa michezo, hakuniuliza hata dini." Akavaa miwani. "Chokaa!"

Nikachora mstari mpya wa kumalizia, mbele ya ule wa zamani, pale chuma kiliposema. Jicho moja lilikuwa kwa Mkuu, na ndiyo maana mpaka leo mstari ule una tumbo katikati, msiunyooshe. Mkuu akavua mkanda, akavua na kofia, akampa Mzee Chande. Akamwambia Kapteni ashike saa yeye mwenyewe, asije mtu akasema saa ina rafiki. Kisha akaenda kusimama kwenye mstari wa kuanzia, kando ya Somoe.

"Afande, na wewe?" Somoe akauliza, na hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Mimi nina deni la basi na tela."

Walipoondoka, ardhi ilitikisika upande wa Mkuu tu. Somoe alikwenda kama upepo wa kusi umemtuma. Alifika mstari wa zamani, hakuupunguzia hata hatua, akaupita kama haupo, akaenda mpaka kwenye mpya, na Kapteni akabonyeza saa. Akaitazama. Akaitazama tena. Ulikuwa muda mrefu kuliko ule wa Mshale kule ukumbini, na ulikuwa mfupi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwona akiukimbia mzunguko mzima. Kapteni akautangaza kwa sauti, neno kwa neno.

Mkuu bado alikuwa kwenye kona ya mwisho, mwekundu kama bendera ya hatari. Alikuja, alikuja, akafika kwenye mstari wa zamani, akasimama. Miguu yenyewe ilisimama. Akanyanyua mikono yote miwili juu, kama alivyofanya akiwa kijana.

"Afande," Kapteni akasema kwa upole, "mstari uko mbele."

"Nauona."

Akashusha mikono. Akavuta pumzi, akaitembea ile sehemu ambayo hakuwahi kuikimbia maishani mwake, polepole, Mzee Chande akimfuata kando na kofia yake mkononi. Somoe alikuwa ng'ambo ya mstari mpya, anahema, amepiga saluti na hauteremshi mkono. Mkuu akavuka. Akaijibu saluti.

"Ofisa mwanafunzi," akasema, "una kipindi cha ramani na umeshachelewa. Darasani!"